Ukali wa mbwa wa kazi: nini anazaliwa nacho, nini anafundishwa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya hurudi tena na tena kutoka kwa watu wanaonunua, wanaozalisha au wanaofuga mbwa wa ulinzi na wa kazi: German Shepherd, Malinois, Rottweiler, Boerboel na machotara wao. Yameanza na ya msingi, yakaishia kwenye yale yanayomkosesha mtu usingizi. Jambo lililokwisha kujibiwa halirudiwi. Utaelekezwa namba ya swali. Kama mbwa wako amekwisha kuuma mtu, acha yote ya juu, nenda moja kwa moja swali la 18.

## Mambo ya msingi

1. Ukali hurithiwa au hufundishwa?

Vyote viwili, ila si kwa namna ambavyo wengi hudhani. Mbwa harithi ukali kama anavyorithi rangi ya manyoya. Anachorithi ni mambo madogo madogo yaliyo chini yake: anashtuka upesi kiasi gani, anachukua muda gani kutulia akishashtuka, ana hamu gani ya kufukuza kinachokimbia, anamwamini mgeni au anamtilia shaka, na anavumilia kubanwa hadi wapi kabla ya kutumia meno. Malezi ndiyo yanayoamua mambo hayo yatajitokeza vipi.

Ushahidi ulio wazi kabisa haukutoka kwa mbwa, ulitoka kwa mbweha. Mwaka 1959 mwanasayansi Dmitry Belyaev alianza huko Novosibirsk, Urusi, kuchagua mbweha wa kufugwa waliokuwa watulivu mbele ya binadamu na kuwazalisha wao kwa wao. Baada ya vizazi vichache walipatikana mbweha wanaotikisa mkia na kulamba mikono ya watu. Baadaye ukazalishwa pia ukoo wa pili, wa wakali. Watafiti walipochukua viinitete vya wakali na kuvipandikiza kwenye matumbo ya mama wapole, watoto walikua wakali vilevile. Upole wa mama mlezi haukufuta walichozaliwa nacho.

Hata hivyo, mbweha wale walichaguliwa kwa jambo moja tu, kizazi baada ya kizazi. Mbwa wa kazi huchaguliwa kwa mambo mengi kwa pamoja: umbo, pua, utii, ujasiri, na mara nyingi bei tu. Ndiyo maana kwa mbwa picha huwa na ukungu zaidi.

2. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Mama mkali huzaa watoto wakali?

Uwezekano unaongezeka, lakini jiulize kwanza huyo mama ni mkali kwa sababu gani. Jike anayembwekea mgeni getini kisha akanyamaza bwana wake akisema "basi" ni tofauti kabisa na jike anayejibanza kwenye kona, mkia katikati ya miguu, akirusha meno kwa kila anayesogea. Wa pili ni mwoga, na woga ndio urithi ninaouhofia kuliko wote. Katika mradi wa mbwa wa kuongoza vipofu nchini Australia, tafiti za miaka ya 1980 zilionyesha kuwa woga hurithiwa kwa kiwango kikubwa, na ndio uliokuwa ukiwaondoa mbwa wengi kazini.

Mama pia hurithisha mara mbili: kwa damu, halafu kwa malezi. Utafiti uliotolewa mwaka 2016 juu ya German Shepherd wa jeshi la Sweden ulionyesha kuwa jinsi mama alivyokaa na watoto wake na kuwalamba katika majuma matatu ya kwanza ilihusiana na tabia zao walipopimwa wakiwa na takriban mwaka mmoja na nusu; waliotunzwa sana walichangamkia zaidi watu na kazi. Lakini mwaka uliofuata utafiti wa mbwa wa vipofu huko New Jersey, Marekani, ukaonyesha kuwa watoto waliobembelezwa kupita kiasi ndio walioelekea kushindwa mafunzo. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba kuna kanuni moja ya malezi ya mama.

Na dume je? Anachangia nusu ya jeni, na mara nyingi mnunuzi hamuoni kabisa. Jike huzaa watoto wachache katika maisha yake. Dume mmoja maarufu anaweza kuujaza mji mzima.

3. Basi jina la aina ya mbwa linanieleza nini?

Linakueleza wastani wa kundi. Kuhusu mbwa uliye naye mkononi halikuambii mengi. Mwaka 2022 ulitolewa Marekani utafiti wa mbwa zaidi ya 18,000 ambao wenye kuwafuga walijaza maswali kuhusu tabia za mbwa hao, na zaidi ya 2,000 kati yao wakasomwa jeni. Aina ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa na mbwa. Jambo lililotabirika vizuri zaidi kwa kutazama aina ni wepesi wa kufuata maelekezo. Wepesi wa kukasirika ulikuwa miongoni mwa yasiyotabirika.

Miaka mitatu kabla ya hapo, utafiti mwingine uliolinganisha wastani wa aina 101 ulikuta kuwa tofauti za jeni kati ya aina na aina zinaeleza sehemu kubwa ya tofauti za utii, za kufukuza na za ukali kwa wageni. Tafiti hizi hazipingani. Ukichukua Rottweiler elfu moja na Labrador elfu moja utaona tofauti. Ukichukua mmoja mmoja, Labrador anaweza kukuuma na Rottweiler akalala miguuni pako.

Kuna la tatu ambalo wauzaji hawalipendi. Sweden huwapima maelfu ya mbwa kwa jaribio moja la hadharani: mgeni anawasalimia, kitambaa kinakimbizwa, mwanasesere anachomoka ghafla ardhini, bastola inapigwa. Kenth Svartberg alichambua matokeo ya mbwa zaidi ya 13,000 wa aina 31 na akakuta kuwa kazi ambayo aina ilifanya zamani haikueleza tabia ya mbwa wa leo. Kilichoeleza ni kile walichochaguliwa kwa ajili yake katika vizazi vya karibuni. Ukiambiwa "babu zake walilinda ng'ombe", uliza wazazi wake wanafanya nini.

4. Watafiti husema tabia fulani inarithiwa kwa "0.2". Ina maana gani?

Ina maana kwamba ukizitazama tofauti zilizopo kati ya mbwa wa kundi fulani, takriban sehemu moja ya tano inatokana na jeni wanazorithi, na zilizobaki zinatokana na malezi, mazingira, siku ya jaribio na mengine. Haina maana kwamba asilimia 20 ya tabia ya mbwa wako ni ya kuzaliwa.

German Shepherd waliopimwa Uswisi walipata kati ya 0.1 na 0.25 hivi kwa mambo kama kujiamini, uthabiti na ukali wa kujitetea. Uholanzi, kundi dogo la Golden Retriever, aina inayosifiwa kwa upole duniani kote, lilipata karibu 0.8 kwa ukali. Hao walitafutwa makusudi kutoka familia zenye wakali, kwa hiyo usiitumie namba hiyo kwa kila Golden. Lakini inatosha kuonyesha kwamba ndani ya aina pole kunaweza kuwa na ukoo wenye moto.

## Aina moja moja

5. Kwa nini German Shepherd mmoja ni shujaa na mwingine anaogopa hata ndoo?

Kwa sababu jina ni moja, koo ni nyingi. Max von Stephanitz alianzisha chama cha mbwa hawa Ujerumani mwaka 1899, na mbwa wa kwanza kuandikishwa, Horand von Grafrath, alikuwa wa kazi. Hadi leo chama hicho hutaka mzazi afaulu jaribio la kazi kabla watoto wake hawajaandikishwa kama uzao wa kawaida. Nje ya mfumo huo, watu huzalisha wanavyopenda: wengine kwa mgongo ulioinama, wengine kwa rangi, wengine kwa kuwa jike yuko joto na dume wa jirani ana karatasi za ukoo.

German Shepherd mwoga ana hatari yake, kwa maana anao mwili wa askari na moyo wa sungura. Huuma haraka, huuma kwa kushtukiza, kisha hukimbia. Wengi humsifu kuwa "mkali kweli" hadi siku atakapomuuma mtoto wa nyumbani aliyemkanyaga mkia.

6. Malinois ndiye mkali kuliko wote?

Hapana. Ndiye mwenye hamu kubwa kuliko wengi, na hilo ni jambo jingine. Ukimwona Malinois wa polisi amening'inia kwenye mkono wa mazoezi (kinga nene anayovaa mkufunzi), macho yanang'aa na mkia unatikisika, unachotazama ni mchezo. Anafukuza, anakamata, anashika, anashangiliwa. Uholanzi wana chama cha mbwa wa polisi, KNPV, ambacho kwa zaidi ya karne moja kimewapima mbwa kwa kazi za namna hiyo, na Malinois wengi wa majeshi duniani wana damu ya huko.

Hamu hiyo isipopewa kazi hutafuta yenyewe: bodaboda, kuku, watoto wanaokimbia, mkono wa mwenye kamba. Rafiki akikuuliza kama Malinois anafaa kukaa peke yake uani kutwa nzima, mjibu kwamba hafai. Hakuna haja ya kuzungukazunguka.

7. Boerboel na mbwa wa kulinda mifugo ni kitu kimoja?

Hukutana sehemu moja tu: wote hukaa na kulinda kilicho chao. Boerboel ni mbwa wa mashamba ya Afrika Kusini, mzito, mwenye mipaka mikali ya nyumba yake. Wanaouzwa kwa jina hilo Nairobi na Dar es Salaam wengi ni machotara, kwa hiyo tabia zao hutofautiana kama sura zao.

Mbwa wa mifugo hasa, kama Kangal wa Uturuki na ndugu zake wa Anatolia, amechaguliwa kukosa kitu. Raymond Coppinger, aliyewachunguza kwa miaka mingi Marekani, alieleza uwindaji wa mbwa kama mlolongo: kukodoa macho, kunyemelea, kufukuza, kukamata, kuua. Border Collie, mbwa wa kuswaga kondoo, anayo sehemu ya mwanzo kwa wingi, na sehemu ya mwisho imefifia. Mbwa wa kulinda mifugo amekosa karibu sehemu zote, ndiyo maana mbuzi akikimbia yeye hamkimbizi. Namibia, kituo cha kuhifadhi duma cha Cheetah Conservation Fund kimekuwa kikiwagawia wafugaji mbwa hawa tangu 1994, ili duma asiuawe kwa sababu ya mbuzi mmoja.

Jambo la kushika hapa: kuwinda si hasira. Mbwa anayeua kuku anaweza kuwa mpole kabisa kwa watu, na mbwa asiyegusa kuku anaweza kuuma watu.

8. Mbwa koko anaweza kuwa mlinzi?

Anaweza, na vijijini ndiye mlinzi mkuu. Mbwa wa boma la Kimaasai si mkubwa, ila hubweka mapema, na kazi ya ulinzi kwa sehemu kubwa ni kuamsha watu. Hajachaguliwa na mtu kwa kupigana. Amechaguliwa na maisha kwa tahadhari. Ndiyo maana wengi wao hukaa mbali na mgeni, hubweka, hurudi nyuma.

Afrika imechangia pia sayansi hii. Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka kama wengine, alikuwa mmoja wa aina tano zilizochunguzwa na John Paul Scott na John Fuller huko Bar Harbor, Marekani. Kitabu chao kilitoka 1965. Watoto wa Basenji waliwaogopa watu kuliko watoto wa Cocker Spaniel waliolelewa kwa namna ileile, lakini waliposhikwa na kuzoeshwa mapema, woga huo ulipungua haraka. Kuna kurithi, na kuna nafasi ya kubadilika. Nafasi hiyo ina muda wake: tazama swali la 13.

9. Mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini ni wakali?

Wakali hawatakiwi. Mbwa wanaofunzwa Usa River, karibu na Arusha, chini ya mradi wa African Wildlife Foundation, na kupelekwa Mombasa, Dar es Salaam, Entebbe na kwingineko, huchaguliwa kwa wazimu wa mpira: mbwa yuko tayari kutafuta saa nzima ili apate mchezo wa dakika moja. Awe pia na moyo wa kupita katikati ya makontena, forklifti na umati bila kutetereka. Bloodhound wanaofuata nyayo za majangili huko Virunga ni wapole mno. Pua yao ndiyo silaha.

10. Rottweiler na Dobermann?

Yaliyosemwa swali la 5 yanawahusu wote wawili. La kuongeza ni hili: Rottweiler hukomaa polepole na huwa na tabia ya kupima nani ana neno la mwisho nyumbani. Nyumba isiyo na utaratibu humharibu.

## Kuchagua na kuzalisha

11. Nikienda kununua, niangalie nini?

Waangalie wazazi, wote wawili, na uwaone wakiwa wamefunguliwa. Ukiambiwa "mama ni mkali sana, hatuwezi kumfungua mbele ya mgeni", umekwisha kujibiwa. Ninachotaka kwa mama mlinzi ni abweke, anitazame, kisha mwenyewe akinikaribisha atulie ndani ya dakika chache, hata kama hataki kuguswa. Angusha funguo au sufuria. Kushtuka si kosa. Tazama kama anarudi kunusa kilichoanguka au anabaki amejificha.

Wauzaji wasikushughulishe mno na majaribio ya tabia ya watoto wa majuma saba au nane. Erik Wilsson na Per-Erik Sundgren waliwapima watoto wa German Shepherd Sweden wakiwa na majuma nane, wakawapima tena walipokua, na la kwanza halikutabiri la pili. Mtoto aliyejitenga na wenzake na kutetemeka mwache. Zaidi ya hapo, pesa yako ifuate wazazi, pamoja na ndugu wakubwa wa uzao uliotangulia kama wapo.

Karatasi za East Africa Kennel Club au za chama cha nje zinathibitisha ukoo. Hazithibitishi tabia, wala mwuzaji asizitumie kukwepa kukuonyesha baba.

12. Kuna kipimo cha jeni cha ukali? Na nikichanganya aina mbili, au nikizalisha ndugu kwa ndugu?

Kipimo hakuna. Ukali unahusisha jeni nyingi, kila moja ikichangia kidogo, na anayekuuzia kipimo cha "jeni ya hasira" anakuuzia karatasi.

Kuchanganya Boerboel na Malinois "ili upate ukubwa wa huyu na wepesi wa yule" kunaweza kukupa kinyume: mwili mzito wenye hamu isiyotulia. Uzao wa kwanza huwa katikati kwa mambo mengi. Ukiwazalisha hao tena wenyewe kwa wenyewe, watoto hutawanyika kila upande, na hapo ndipo watu hushangaa kwamba tumbo moja limetoa kondoo na chui.

Ndugu kwa ndugu ni desturi mbaya iliyozoeleka, hasa kwa wauzaji wa uani. Kasoro zilizojificha kwa wazazi hukutana kwa watoto, na woga ni mojawapo ya zinazokutana.

## Malezi yanayofanya urithi utoke au ukae

13. Ni umri gani unaoamua?

Kuanzia juma la 3 hadi la 12 au 14. Katika kipindi hicho ubongo wa mtoto wa mbwa huandika orodha ya vitu vya kawaida duniani, na visivyoandikwa hugeuka vya kutiliwa shaka baadaye. Mchukue akiwa na majuma nane. Wa majuma manne, kama wanavyouzwa kandokando ya barabara, amenyang'anywa somo la ndugu zake kuhusu nguvu ya meno.

Aone sare za shule, buibui na kanzu, mwavuli, toroli la maji, bodaboda, mtu mwenye fimbo, mzee anayechechemea. Parvo, ugonjwa wa kuharisha wa watoto wa mbwa, ipo na inaua, kwa hiyo kabla chanjo hazijakamilika mbebe mkononi au kwenye kikapu. Macho na masikio hayahitaji kukanyaga ardhi.

Pwani kuna jambo la ziada. Jirani wengi hawamgusi mbwa kwa sababu za dini, na mtoto wa mbwa hukua akiona kila mtu anaruka pembeni. Wala hakuna haja ya kumlazimisha mtu. Kaa naye barazani kwa umbali unaomfaa kila mmoja, watu wapite, yeye apate kipande cha nyama kila anapowatazama bila kelele. Lengo ni awaone wapita njia kama sehemu ya mtaa. Kuguswa si lazima.

14. Nikimfungia gizani mchana na kumlisha pilipili, atakuwa mkali usiku?

Pilipili itamchoma tumbo. Baruti na bangi ni sumu. Nyama mbichi au damu haimbadilishi moyo, itampa minyoo tu ikiwa chafu.

Kibanda cha giza ndicho kinachofanya kazi, kwa ubaya. Mbwa asiyeona watu mchana hukosa kujifunza tofauti kati ya mgeni wa kawaida na mwizi. Mwenye urithi wa woga (swali la 2) hutoka humo akiwa hatari kwa kila mtu, akiwemo dada wa kazi anayempelekea chakula. Mwenye moyo thabiti huchoka tu na kuanza kuzunguka-zunguka mahali pamoja. Hivyo hupati mlinzi kwa vyovyote, na askari wa zamu ya usiku ndiye anayeumia kwanza.

15. Alikuwa mpole, amefika mwaka na nusu amebadilika. Kuna mtu kamloga?

Amekomaa. Aina za ulinzi hufikia utu uzima wa akili kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, na tabia nyingi za kulinda eneo hujitokeza hapo. Mabadiliko ya polepole, yaliyoanza kwa kubweka na kufuatilia wageni, ni ya kawaida. Ongeza utaratibu, usiongeze fimbo. Mabadiliko ya ghafla ni habari nyingine kabisa, tazama swali la 19.

16. Kumhasi kutampoza?

Kutapunguza kutangatanga, kukojolea kila kona na baadhi ya ugomvi wa dume kwa dume. Hakutibu woga, na kwa mbwa mwoga tafiti kadhaa zinaonyesha unaweza hata kuongezeka. Faida kubwa ya kuhasi ni kwa kizazi kijacho: mbwa mwenye tabia mbovu hatazaa.

## Mambo yakiwa magumu

17. Ananguruma nikimkaribia akila. Nimpige?

Usimpige. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyepigwa kwa sababu ya kuonya hujifunza kuuma bila onyo. Mpe chakula mahali watoto hawapiti. Pita kwa mbali ukimrushia kitu kitamu zaidi ya kilicho kwenye bakuli, siku hadi siku ukisogea, mpaka ujio wako uwe habari njema. Kama anakodoa, anakakamaa na kunyamaza badala ya kunguruma, tafuta mkufunzi aje nyumbani.

18. Ameuma mtu. Nifanye nini sasa hivi?

Kwanza mtu. Kidonda kioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mchubuko. Aende hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua. Kitunguu, mafuta ya taa na dawa za jirani visiguse kidonda.

Pili mbwa. Usimuue na kumzika. Mfungie mahali salama aangaliwe na daktari wa mifugo kwa siku 10. Akibaki mzima, hilo linamsaidia sana daktari wa aliyeumwa.

Tatu, baada ya hayo, andika kilichotokea: nani, wapi, mbwa alikuwa amefungwa au la, alionya au hakuonya, aliuma mara moja na kuachia au aliendelea. Mbwa aliyeuma mara moja akiwa kwenye kona ana nafasi ya kurekebishwa. Mbwa mkubwa anayemfuata mtu, anauma tena na tena, na wazazi wake walikuwa hivyohivyo, sitakushauri umpeleke kwa shemeji mwenye shamba. Daktari wa mifugo akishauri alazwe usingizi wa moja kwa moja, usimwone katili. Na wasizaliane tena, yeye wala wazazi wake.

19. Mbwa wangu wa miaka sita, mpole siku zote, amegeuka ghafla.

Urithi haungoji miaka sita. Fikiria kichaa cha mbwa kwanza, hasa kama chanjo imepitwa na wakati: mate mengi, sauti iliyobadilika, kushindwa kumeza, kuzurura, kuuma hata vitu. Usimshike, mwite daktari wa mifugo. Akiwa salama kwa hilo, fuata maumivu: nyonga kwa German Shepherd na Rottweiler, masikio, meno, mgongo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kidogo nayo imewahi kuhusishwa na mabadiliko ya tabia, na kipimo chake ni cha damu.

20. Nahamia Ulaya au Ghuba na mbwa wangu. Aina yake itanifungia mlango?

Huenda. Uingereza ina sheria ya mbwa hatari ya mwaka 1991 inayokataza aina kama Pit Bull Terrier, Tosa ya Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. XL Bully aliongezwa England na Wales, na tangu Februari 2024 ni kosa kumiliki asiye na kibali. Ujerumani kila jimbo lina orodha yake, na Rottweiler yumo kwenye orodha ya Bavaria. Falme za Kiarabu zina sheria ya mwaka 2016 kuhusu wanyama hatari. Kwa chotara, maofisa wa Uingereza hutazama umbo na vipimo vya mwili kuliko karatasi, kwa hiyo picha na barua ya daktari wa mifugo ziende mezani kabla ya tiketi.